Mstari Nilioupiga Tupa

Chumba cha nyuma ya duka la Babu,
Jumapili asubuhi.

Mpendwa Shangazi,

Nimeiharibu sarafu ya Babu, ile aliyoachiwa na Bibi, na Babu hajui. Hakuna mtu mwingine anayejua, hata Mama. Nimeliandika hili juu kabisa kwa sababu najijua. Ningeanza na salamu ningezunguka nazo mpaka karatasi ijae, kisha ningeweka kalamu chini na kujiambia kwamba nitasema safari nyingine.

Sasa shikamoo, Shangazi. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, na kwamba mgongo uliokuwa ukikusumbua umepoa. Watoto hawajambo? Yule mkubwa bado anabishana na kila mtu, hata na saa ya ukutani? Huku sisi ni wazima wa mwili. Mama amepona kikohozi. Baba anatoka na kurudi kazini kama kawaida yake, na bado anakoroma kiasi cha kutikisa vikombe. Mimi nimemaliza shule, nasubiri matokeo, na tangu nilipomaliza nashinda dukani kwa Babu.

Ulipoondoka nilikuwa mtoto wa kujificha nyuma ya mlango wageni wakija. Nimerefuka, lakini mlango bado naujua. Lile jina la Redio ulilonipa kwa sababu nilikuwa sisemi, Babu bado analitumia. "Redio, leo betri zimekwisha?" huniuliza kila asubuhi, nami hucheka tu, na hicho kicheko ndiyo taarifa yangu ya habari.

Duka halijabadilika sana, nadhani. Meza ya kazi iliyoungua pembeni kwa moto wa kulehemu bado ipo, na jiriwa ya kubania vyuma, na taa yenye shingo ndefu, na lile kabati la droo ndogondogo ambazo Babu peke yake ndiye anayejua kilichomo. Pete na bangili zimepungua, maana siku hizi watu wanatosheka na zinazong'aa kama fedha. Wanaokuja zaidi ni wenye sarafu za zamani, na karibu wote huja na swali moja: hii kasoro ni ya kiwandani, au sarafu iliharibiwa baadaye? Iliyokosewa kiwandani ina wapenzi wake, wanaitafuta kwa tochi. Iliyoharibiwa mitaani ni fedha ya kuyeyusha tu.

Babu hatumii maneno mengi. Husema, "Hii ni alama ya kuzaliwa," au husema, "Hili ni kovu." Basi, na watu huondoka wameridhika.

Amenifundisha jinsi sarafu zile zilivyokuwa zikizaliwa. Kipande cha fedha cha duara kiliwekwa kati ya mihuri miwili ya chuma, kikagongwa kwa nguvu, kikatoka na kichwa cha mfalme upande mmoja na maandishi upande wa pili. Kipande kikikaa vibaya, kichwa kilisogea pembeni kama mtu aliyepigwa picha akitoroka. Na kama muhuri wenyewe ulikuwa na ufa, fedha iliingia ndani ya ufa ule, na sarafu ikatoka na mstari ulioinuka. Kwa hiyo kilichoinuka, mara nyingi, kimetoka kiwandani. Kilichochimbika ni mkwaruzo, au kisu, au jino la mtu aliyetaka kujua kama fedha ni fedha.

Halafu kuna zilizomegeka ukingoni, kama biskuti iliyoumwa. "Ukiona pengo," husema Babu, "usilitazame pengo. Tazama ng'ambo yake." Kama pengo ni la kuzaliwa, ukingo wa upande wa pili nao huwa hafifu, kwa sababu fedha ilipogongwa haikubanwa vizuri. Kama mtu alikata kwa mkasi baadaye, ng'ambo huwa nzima. Mwongo hukumbuka kukata pengo, husahau ng'ambo.

Siku moja alikuja bwana mmoja aliyevaa koti zito kwenye joto. Sarafu yake ilikuwa na herufi zilizogeuka, kama unavyoziona kwenye kioo, zimepita juu ya shavu la mfalme. Akasema ni kosa la ajabu la kiwandani. Kinyozi wa mlango wa pili, ambaye akikosa vichwa huja kukaa kwetu na kitana chake sikioni, akachungulia na kusema, "Mzee, huyu mfalme ameandikwa usoni kama ukuta wa shule."

Babu akanipa mimi ile sarafu. Nikaitazama, nikanong'ona.

"Sema kwa nguvu, Redio. Bwana huyu amevaa koti mpaka masikioni."

Nikasema kwamba herufi zile zimechimbika na zimegeuka, kwa hiyo kuna mtu aliyeweka sarafu nyingine juu yake akazibana kwenye jiriwa, na ndiyo maana upande wa nyuma umelala bapa. Yule bwana akaichukua sarafu yake akaondoka bila kuaga. Kinyozi akasema, "Koti hilo, limekwenda kutafuta baridi." Babu alinimiminia chai kwa mkono wake, kabla ya kujimiminia yake.

Nakueleza haya ili ujue niliota mapembe lini.

Macho ya Babu yamefanya ukungu, Shangazi. Sijui kama Baba alikuambia ukubwa wake, maana kwenye simu kila mtu hujifanya mzima. Taa anaiona, mlango anauona, sura zetu anazijua kwa mwendo. Yeye mwenyewe aligeuza jambo hilo kuwa mzaha. "Macho yaende zao, yamenitumikia. Kidole gumba kipo." Na kweli kilikuwepo. Alikuwa akifumba macho kabisa, akipitisha gumba la mkono wa kulia juu ya sarafu, na kusema alama au kovu. Nikikagua nyuma yake kwa kioo cha kukuzia, nilimkuta yuko sawa.

Ile sarafu ya Bibi hukaa kwenye mfuko wa shati lake, imefungwa kitambaa. Unaijua kuliko mimi. Bibi aliivaa shingoni, na alipofariki, Babu alikitoa kile kitanzi cha mkufu, ikabaki lehemu kidogo ukingoni. Kuanzia pale penye lehemu palikuwa na mstari mwembamba ulioinuka, ukipita kwenye maandishi mpaka karibu na sikio la mfalme. Kila asubuhi, kabla ya kufungua duka, Babu aliitoa na kupitisha gumba juu ya mstari ule, polepole. Nilidhani anamkumbuka Bibi tu. Hakuna aliyenieleza habari za mstari, nami sikuuliza. Unanijua na maswali.

Siku Baba alipompeleka kliniki ya macho, Babu alibadilisha shati, na sarafu ikabaki mezani ndani ya kitambaa chake. Nikaifungua. Nikaona lehemu ukingoni, nikaona mstari unaanzia palepale, nikakata shauri kwamba lehemu ilitiririka walipokuwa wakiunga kitanzi. Nilisema kwa sauti, mimi nisiyesema, tena peke yangu dukani: "Hili ni kovu." Nikafikiri, ni nani aliyewahi kumfanyia Babu kitu? Yeye ndiye hutufanyia sisi. Nitamsafishia sarafu ya Bibi, irudi kama siku ilipozaliwa.

Nilichukua tupa laini kuliko zote, ile yenye mpini wa mfupa. Nikaanza na lehemu, ukatoka unga wa kijivu. Nikaendelea na mstari, unga ukawa mweupe. Ningekuwa na akili ningesimama hapo hapo. Lehemu ni ya kijivu na fedha ni nyeupe, hilo alinifundisha wiki ya kwanza, na unga ule ulikuwa ukiniambia kwamba ninakula mwili wa sarafu yenyewe. Lakini mkono ulikuwa umeshika mdundo, na kichwani nilikuwa namwona Babu akifurahi.

Nilipomaliza niliisugua kwa chaki na kitambaa, kisha nikaiweka chini ya kioo nijisifu. Ndipo nilipoona. Katikati ya herufi mbili, mahali tupa haikuweza kufika, kilibaki kipande cha mstari, kifupi kama ukope. Kilikuwa cha rangi ya fedha. Hakikukaa juu ya herufi kama lehemu inavyokaa. Kiliingia kwenye herufi na kutokea upande wa pili, kitu kimoja nazo, kama mshipa kwenye mkono. Ulikuwa ufa wa muhuri, Shangazi. Ilikuwa alama ya kuzaliwa.

Sikulia. Niliufagia ule unga kwa brashi nikautia kwenye bahasha, kama vile mtu anaweza kuurudisha. Bado ninayo bahasha hiyo.

Babu alirudi na chupa ya dawa ya matone na maneno ya daktari kwamba ukungu hautarudi nyuma. Akaketi mahali pake, akaomba sarafu yake. Nilikuwa na sentensi nzima tayari mdomoni. Akafungua kitambaa, akafumba macho, akapitisha gumba. Akapitisha tena. Akalifuta gumba kwenye suruali. Akajaribu la kushoto. Mimi nimesimama na birika mkononi.

"Mwanangu," akamwambia Baba, "na hiki nacho kimekufa."

"Nini, Mzee?"

"Kidole. Sisikii mstari."

Baba alidhani ni mzaha wake wa kawaida. "Hiyo ni baridi ya kliniki. Kesho kitaamka."

Kama Babu angeniuliza, "Umeigusa?" ningejibu, naapa. Hakuniuliza. Hata haikumpitia kichwani. Aliiamini sarafu kuliko kidole chake, na alituamini sisi kuliko vyote viwili.

Jioni ile, tukila, alinisimulia bila mimi kuuliza. Kwamba sarafu zilikuwa mbili. Kwamba Bibi alizipata pamoja, zimetoka kwenye muhuri mmoja uliopasuka, mstari uleule mahali palepale, na kwamba ulipokuwa ukiondoka alikupa wewe moja. Kwamba mlipatana kuwa siku utakayorudi mtaziweka mezani bega kwa bega, na kama mistari haikulingana, basi aliyerudi si wewe. Alikuwa akicheka aliposimulia. "Sasa hata akija," akasema, "nitamjuaje?" Ulikuwa utani tu. Lakini aliisukuma sahani, na chakula kilikuwa hakijaisha.

Tangu hapo za wateja hataki hata kuzigusa. Nilimshawishi ajaribu moja, nikamwekea mkononi. Akaigusa, akasema anasikia kitu, kisha akanirudishia. "Sijui kama nasikia au nakumbuka," akasema. "Hiyo si kazi, huo ni uganga."

Mtu akija, anasema, "Mwulizeni mjukuu wangu." Kinyozi alimtania, "Mzee, umepinduliwa?" Babu akajibu, "Nimeng'atuka. Mfalme mpya huyo hapo, ila hasemi na raia." Watu wakacheka. Mimi nikainamia kioo kana kwamba kuna sarafu chini yake, na hapakuwa na sarafu. Nikitoa jibu, Babu hugeuza sikio na kuitikia kwa kichwa taratibu, kama mwanafunzi. Sipendi kumwona hivyo. Ndiye aliyenipa macho, na sasa anakaa kwenye kiti cha wateja.

Juzi alinipa tupa. Ile ile, yenye mpini wa mfupa. Alisema alipewa na mwalimu wake wa kazi, na kwamba nami mkono wangu ni mwepesi. Niliipokea kwa mikono miwili kama inavyotakiwa, nikasema asante. Sijawahi kusema neno zito kama lile.

Na Baba ameanza kutafuta mpangaji wa chumba cha mbele, yaani duka lenyewe. Babu amekubali bila kubishana, yeye aliyekuwa akibishana na Baba hata juu ya upande wa kufungulia dirisha. Alisema sonara asiye na macho anaweza kusamehewa, lakini asiye na kidole amebaki na nini? Kinyozi amekuja kuuliza kama ni kweli, na kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha. Alisimama tu mlangoni akichezea kitana.

Usifikiri sijajaribu kusema. Ijumaa tulikuwa wawili dukani, mvua imefukuza wateja. Nikasema, "Babu." Akasema, "Naam, Redio," akaweka kikombe chini, akasubiri. Alisubiri kwa upole mkubwa, akanigeuzia uso wote. Nikamwuliza kama anataka sukari zaidi.

Kwa hiyo nakuja kwako na ombi, na ombi lenyewe ni zito. Naomba uniletee sarafu yako. Baba alisema rafiki yako muuguzi anakuja huku likizo. Mpe yeye, ifunge vizuri, mwambie anikabidhi mimi mkononi.

Nisikufiche kitu, maana nimeshaanza. Mwanzoni nilipanga nikiipata niiweke kwenye kitambaa cha Babu badala ya ile niliyoiharibu. Aamke asubuhi, asikie mstari, afurahi, mambo yaishe. Nimeuwaza mpango huo kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Lakini ni mkasi ule ule wa mwongo. Ningelificha pengo, na siku mngeketi mezani wewe na yeye, ng'ambo ingenisuta. Tena siku zote hizi nimekuwa nikiitazama sarafu tu, naipima, naihuzunikia, nahesabu nilichoipunguzia. Ng'ambo ya pengo alikuwa Babu, na ndiye anayezidi kuwa hafifu.

Basi nitaziweka zote mbili mkononi mwake. Kwenye yako atasikia mstari, na atajua kidole chake ki hai. Wakati huo huo atajua nyingine ilifanywa nini, na anajua katika nyumba hii tupa anayo nani. Pengine hatanipa tena sarafu ya mtu niikague. Itakuwa haki yake. Afadhali anikose mimi mezani kuliko ajikose yeye mwenyewe. Sitahitaji kusema chochote, sarafu zitasema. Lakini nitasema, kabla hajazigusa.

Na kama huna tena sarafu hiyo, Shangazi, kama maisha ya huko yalikubana ikabidi uiachie, niandikie neno moja tu, "sina." Sitauliza zaidi, wala sitakufikiria vibaya, nani mimi wa kufikiria wengine? Nitamwambia Babu hivyo hivyo, mikono mitupu. Itachukua muda zaidi yeye kuniamini kwamba kidole ni kizima, ndiyo tofauti.

Kitu kimoja nilikiona tena jana usoni pa sarafu, na ndicho kinachonipa nguvu ya kukuandikia. Kile kipande kifupi kama ukope bado kipo kati ya zile herufi mbili. Tazama kwenye yako, mahali hapo hapo. Mstari wako unapita hapo. Gumba haliwezi kukisikia, lakini kwa kioo kinaonekana vizuri. Bado ni ndugu, hata kama mmoja wao nimemwumiza.

Mama anakusalimu sana, anasema bado hujamwandikia namna ya kushona ile kola. Baba anakusalimu kwa njia yake, yaani aliuliza kama ninaandika barua kisha akasema "haya." Kinyozi naye anakusalimu, ingawa hamjuani; anasema akusikiaye ukitajwa dukani kila siku ni jamaa yako. Wasalimie binamu zangu wote, mkubwa kwa mdogo, na mwenye nyumba wako aliyekupikia uji ulipougua. Mungu akulinde njiani na kazini, aupe mgongo wako nafuu, na akurudishe kwetu kabla mikono inayokungoja haijachoka.

Nimalizie na hili. Najua moyo wako utataka kumpigia Babu simu sasa hivi umtulize. Tafadhali usimpigie kwa jambo hili, wala usimwambie Baba. Itunze siri yangu kama ulivyoitunza sarafu, mpaka muuguzi atakapofika. Baada ya hapo sitaihitaji tena. Babu hajawahi kunisikia nikianza mazungumzo tangu nizaliwe, na nataka haya ayasikie kwangu, si kwa mtu mwingine.

Ni mimi, binti wa kaka yako, nikupendaye hata nisiposema,
Redio